Pesa Mkononi au Maili Angani? Hesabu ya Kadi Mbili za Mkopo

Leo naweka seva na misimbo kando tuzungumze kuhusu kadi za mkopo. Msikimbie. Kuna hesabu ndani yake, na mwisho utaweza kuchukua namba zangu, uzibadilishe kwa zako, upate jibu lako mwenyewe.

Hali yangu ni hii. Ninaandika programu nikiwa nyumbani Ruiru, nyingine za kampuni za hapa Kenya na nyingine za mteja aliye ng'ambo. Katika mwezi mmoja benki mbili zimenipigia simu. Ya kwanza inanipa kadi ya kurudishiwa pesa: kila nikinunua kitu, asilimia 1 inarudi kwenye akaunti. Ya pili inanipa kadi ya maili: kila shilingi 100 ninayotumia ni maili moja, na maili zikitosha unapata tiketi ya ndege. Majina ya benki nayaacha, maana ofa hubadilika na hesabu hubaki ileile.

Lingekuwa jambo dogo kama si Mama. Mama anaishi Thika, upande wa Makongeni, na ana miaka 71. Dada yangu ni muuguzi Manchester, na mwaka jana alijifungua mtoto wake wa kwanza. Mama anataka kumshika mjukuu huyo angali anabebeka. Kwa hivyo kijana wa benki ya pili aliposema, "Hizi maili zitampeleka mama yako Uingereza bure," nilimwambia anipe wiki moja. Neno "bure" likitoka kinywani mwa benki linahitaji kukaguliwa kama programu iliyoandikwa na mtu usiyemjua.

Zawadi hizi hulipwa na nani?

Tuanze hapa, maana ukijua pesa inatoka wapi utajua itakauka lini. Ukilipa kwa kadi, duka halipati pesa yote. Asilimia fulani inakatwa na kugawanywa kati ya benki ya duka, mtandao kama Visa au Mastercard, na benki iliyokupa kadi. Zawadi yako ni kipande kidogo cha makato hayo. Kipande kingine hutoka kwa wateja wanaochelewa kulipa na kutozwa riba.

Marekani mchezo huu ni wa zamani. American Airlines ilianzisha mpango wake wa maili, AAdvantage, mwaka 1981. Discover ilikuja mwaka 1986 na kadi ya kumrudishia mteja sehemu ya pesa yake. Tangu hapo kambi ni mbili, na watu hubishana kama mashabiki wa Gor na AFC. Ulaya zawadi ni haba zaidi, na sababu inajulikana: mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa kile ambacho benki iliyotoa kadi ya mkopo hupata katika kila malipo. Chemchemi ikipungua, mtungi haujai.

Kadi inakubaliwa wapi Thika na Ruiru?

Makala nyingi za Marekani kuhusu kadi huchukulia kwamba kila shilingi yako inaweza kupita kwenye kadi. Njoo Ruiru uone. Matatu ni pesa taslimu au M-Pesa. Boda boda vilevile. Mama mboga, kinyozi, fundi wa viatu, kibanda cha chapati, wote wana namba ya till iliyobandikwa ukutani. Kodi ya nyumba na karo ni paybill. Tokeni za stima ni M-Pesa.

Kadi ilijaribiwa hata kwenye matatu. Mwaka 2013 Google na Equity walileta BebaPay, kadi ya kugusisha kwenye kifaa cha kondakta. Mimi kama mtu wa teknolojia niliipenda sana. Mwaka 2015 ilifungwa. M-Pesa ilikuwa sokoni tangu 2007, na mtu ambaye tayari ana pesa kwenye simu haoni haja ya kubeba plastiki.

Nilifungua lahajedwali nikaandika matumizi ya mwezi mmoja. Jumla ilikuwa kama shilingi 95,000. Nikabakiza yale tu yanayoweza kulipwa kwa kadi:

- Supamaketi: 14,000
- Petroli: 8,000
- Dawa za Mama, katika duka la dawa Thika: 6,000
- Seva na vikoa, dola 70: kama 9,000

Jumla ni 37,000. Yaani katika kila shilingi 10 ninazotumia, hata 4 hazifikii kadi. Hapo tayari nusu ya ndoto imeshuka stejini.

Hesabu ya maili

Shilingi 37,000 kwa mwezi ni 444,000 kwa mwaka. Kwa kadi ya pili hizo ni maili 4,440. Tiketi ya kwenda London na kurudi niliyoiangalia ilihitaji maili 60,000. Gawanya. Ni miaka 13 na nusu.

Mama ana miaka 71. Maili zitakapotimia atakuwa na miaka 84, na huyo mjukuu atakuwa shule ya sekondari.

Bado hatujafika kwenye ada. Kadi ya maili inatozwa 6,000 kila mwaka. Zidisha kwa miaka 13 na nusu: shilingi 81,000. Na tiketi ya maili huwa si bure kabisa, kwa sababu kodi na tozo za uwanja wa ndege hulipwa kwa pesa, na mashirika mengine huongeza tozo zao juu yake. Visa nayo haijui maili ni nini.

Sisemi maili ni utapeli. Mtu anayesafirishwa na kazi kila mwezi, tiketi zikilipwa na mwajiri, maili zake hupatikana zaidi kwa kuruka kuliko kwa kununua unga. Huyo achukue kadi ya maili na aifurahie. Lakini mimi safari yangu ndefu ya kila juma ni Ruiru hadi Thika kwa barabara kuu.

Pointi ni namba katika hifadhidata ya mtu mwingine

Hili ndilo linalonigusa zaidi kama mwandishi wa programu. Shilingi iliyorudishwa kwenye akaunti yako ni shilingi; kesho utanunua nayo mkate kokote. Pointi ni safu moja katika jedwali la kampuni. Kampuni ndiyo inayoamua kila pointi ina thamani gani, itaisha lini, na itabadilishwa kwa nini.

Mifano tunayo hapa nyumbani. Bonga za Safaricom tunazo tangu 2007, pointi moja kwa kila shilingi 10. Ukichukulia pointi ni senti 20, hilo ni punguzo la asilimia 2, na si baya. Aprili 2020, wakati wa korona, watu waliruhusiwa kununulia vyakula pointi hizo, na familia nyingi zilisaidika. Lakini Oktoba 2022 kampuni ilitangaza kwamba pointi zilizokaa zaidi ya miaka mitatu zitaanza kuisha muda. Katika vitabu vya hesabu, pointi zako ni deni ambalo wewe unaidai kampuni mpaka uje uchukue. Tangu 2018 kanuni za kimataifa za uhasibu, IFRS 15, zinataka sehemu ya mapato iwekwe kando mpaka pointi zitumike au ziishe muda. Kwa hivyo kila kampuni ya pointi ina sababu ya kutamani ulale usingizi.

Mfano mwingine ni Nakumatt. Wengi wetu tulibeba kadi yake ya pointi kwenye pochi kama kitambulisho. Januari 2018 kampuni iliwekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai walipiga kura ifungwe. Kadi ikabaki ya kukwangulia barafu kwenye friji.

Hata upande wa ndege mambo hubadilika. Kenya Airways ilikuwa ndani ya Flying Blue pamoja na Air France na KLM, halafu ikatoka na kuanzisha mpango wake wa Asante Rewards. Mtu aliyepanga kukusanya kwa miaka 13 anapanga juu ya mchanga wa mto.

Dola na riba

Rafiki yangu mmoja mwandishi wa programu alisema, "Basi chukua ya kurudishiwa pesa, lipia seva zako, mambo kwisha." Hapa tena pana shimo. Kadi ile ya kwanza inaongeza asilimia 3.5 kwa kila malipo ya dola. Katika bili yangu ya 9,000 hiyo ni kama shilingi 315 kwa mwezi, karibu 3,800 kwa mwaka. Asilimia 1 itakayorudi ni kama 1,080. Ninarudishiwa moja baada ya kutoa tatu na nusu.

Mnakumbuka dola ilivyotutesa: Januari 2024 ilifika karibu shilingi 160, na tangu katikati ya mwaka huo imekaa karibu 129. Kwa mtu wa seva, kiwango cha kubadilishia na nyongeza ya benki ni jambo kubwa kuliko zawadi yoyote. Mteja wangu wa ng'ambo hunilipa kwa dola, kwa hivyo nimefungua akaunti ya dola yenye kadi ya kawaida. Dola zinaingia, dola zinalipa seva, hakuna kubadilisha mara mbili. Kadi hiyo haina zawadi hata moja, na ndiyo inayoniokolea zaidi.

Kuhusu riba, hesabu ni fupi. Ukitoa seva, kadi ya kwanza itapitisha 28,000 kwa mwezi na kunirudishia 280. Riba yake ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Nikiacha deni la 28,000 mwezi mmoja tu, riba ni 980, yaani zawadi za miezi mitatu na nusu zimeliwa. Kama kuna miezi ambayo unategemea Fuliza kufika tarehe 30, basi ndugu yangu, swali la maili au pesa si lako bado. Zawadi za kadi hulipwa kwa sehemu na watu walio katika hali hiyo. Usikubali kuwa mmoja wao.

Uamuzi

Jumamosi nilimpelekea Mama dawa zake na lahajedwali kwenye simu. Mimi ni mtoto wa pili wa kiume, nimepewa jina la babake, kwa hivyo huniita Baba.

"Mama, hizi maili zitakufikisha ukiwa na miaka themanini na nne," nikamwambia.

Akavaa miwani, akaangalia namba kwa muda. "Baba, huyu wa benki anajua nina miaka mingapi?"

"Hajui, Mama."

"Basi mwambie mimi nataka kwenda nikiwa na magoti."

Jioni hiyo tulizungumza kwa simu, mimi, dada yangu na kaka yetu mkubwa aliye Nakuru. Kila mmoja atatoa shilingi 4,000 kila mwezi ziingie kwenye mfuko wa soko la fedha kwa jina la Mama, na yeye ndiye mwenye neno la mwisho kuzitoa. Watu watatu, miezi 12, ni 144,000 kabla ya faida. Hiyo inalenga tiketi, visa na koti zito la baridi. Mama atakuwa na miaka 72.

Kadi niliyochukua ni ya kurudishiwa pesa. Ada yake ni 3,000 kwa mwaka, lakini benki inaisamehe ukipitisha zaidi ya 300,000, na mimi nitapitisha 336,000. Inalipa supamaketi, petroli na dawa tu. Nimeagiza benki ikate deni lote kila mwezi moja kwa moja kutoka kwenye akaunti yangu. Kwa mwaka itarudisha 3,360, nazo zinaingia kwenye mfuko wa Mama. Si pesa ya kujengea nyumba, lakini ni karibu mchango wangu wa mwezi mmoja.

Ukitaka kufanya hesabu yako, fuata mpangilio huu. Kwanza andika matumizi yanayokubali kadi, si mshahara wako wote. Pili toa ada ya mwaka. Tatu toa nyongeza ya dola kama unalipia vitu vya nje. Nne jiulize, bila kujidanganya, kama utalipa deni lote kila mwezi. Tano gawanya maili zinazohitajika kwa maili za mwaka, halafu jumlisha jibu na umri wa yule unayetaka asafiri.

Hiyo ya tano kijana wa benki hakuwa nayo kwenye karatasi yake. Nilipompigia kumshukuru na kukataa, aliniuliza sababu, nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mamake yeye yuko Murang'a na hajawahi kupanda ndege.

Kwa leo ni hayo. Juma lijalo tunarudi kwenye seva. Kila la heri.