Gugu Linalokula Chini ya Udongo



Fungua Biblia yako Luka 8:4-15, mfano wa mpanzi. Ukimaliza, weka alama kwenye Danieli 6:10, tutafika huko.

Mbegu iliyoanguka njiani tunaijua, ndege waliila. Iliyoanguka penye mwamba tunaijua pia, ilinyauka kwa kukosa maji. Ile ya kwenye miiba ndiyo tunayoipita haraka, na nadhani ndiko wengi wetu tuliookoka miaka kumi au kumi na tano tunakoishi.

Angalia vizuri jinsi Bwana alivyoufafanua mfano huu kwa wanafunzi wake. Alitaja mambo matatu: mahangaiko ya maisha, mali, na anasa. Na katika mstari wa 14 hasemi mmea uliosongwa uling'olewa. Anasema haukuivisha matunda. Ukipita barabarani unaona majani na unasema hapa kuna mahindi. Siku ya kuvuna unamenya, unakuta gunzi tupu.

Mimi nimezaliwa Siaya, na watu wa magharibi mwa Kenya watanielewa upesi nikitaja kayongo. Wataalamu huliita Striga. Ni gugu lenye maua ya zambarau, mazuri kwa macho. Mgeni anaweza kuyachuma ayaweke mezani. Lakini mama yangu akiyaona shambani alikuwa anakaa kimya kwanza, kwa sababu anajua mavuno yameshaguswa.

Nikueleze linavyofanya kazi, maana humo kuna mahubiri.

Mbegu ya kayongo ni ndogo kama vumbi. Mmea mmoja unaweza kutoa makumi ya maelfu ya mbegu, na zinaweza kulala ndani ya udongo zaidi ya miaka kumi zikingoja. Zinangoja nini? Mizizi ya mahindi. Mhindi ukianza kuotesha mizizi, mizizi hiyo hutoa kemikali fulani udongoni, na mbegu ya kayongo ikiipata ndipo inaamka. Inajishikiza kwenye mzizi na kuanza kunyonya maji na chakula. Kwa majuma kadhaa yote haya hufanyika chini ya udongo, wewe ukiona shamba safi. Mvua imenyesha, lakini mahindi yako yanaonekana kama yana kiu. Maua yakitokeza juu, hasara kubwa imeshafanyika.

Umeona, mpendwa? Gugu hili haliamki mpaka kuwe na mmea wa kunyonya. Kwa hiyo usishangae kwamba tangu ulipoamua kumfuata Yesu kwa moyo wote, mambo ya kukuvuta yameongezeka. Yanakuja kwa sababu una mizizi.

Kuna ndugu mmoja katika ushirika wetu. Ameniruhusu nieleze habari yake bila jina. Ndugu huyu hakuanguka dhambini vile sisi huwa tunaelewa kuanguka. Hanywi, hakumwacha mke wake, na kila Jumapili yuko mlangoni akikaribisha watu. Anauza vifaa vya ujenzi. Alipofungua duka la pili aliacha kuja kesha la Ijumaa, "kwa muda tu, Pasta." Halafu akawa mweka hazina wa chama. Halafu kamati ya harusi, kamati ya mazishi, makundi ya WhatsApp ishirini na kitu. Akachukua mikopo ya simu ili kujaza bidhaa, na siku za kulipa zikawa ndizo kalenda yake. Analala simu mkononi akihesabu mauzo, anaamka nayo. Ukiyahesabu mambo hayo moja moja, hakuna hata moja la kuitwa mbele ya wazee wa kanisa.

Usiku mmoja mama yake aliugua ghafla. Akamkimbiza hospitali. Walipokuwa wanataka kumsukuma mama ndani, mama alimshika mkono akamwambia, "Baba, niombee."

Hapa nitatumia maneno yake mwenyewe. "Pasta, nilifungua mdomo nikakuta ndani hakuna kitu. Nilisema Ee Bwana, Ee Bwana, Ee Bwana, halafu nikatoa simu nikakupigia wewe."

Ni kweli alinipigia, na niliomba, simu ikiwa karibu na sikio la mama. Mungu alikuwa mwema, mama alirudi nyumbani. Lakini siku chache baadaye ndugu huyu alikuja kuniona. Sikumuuliza chochote. Alikaa, akaangalia sakafu, akasema, "Mama hakumwita pasta. Aliniomba mimi."

Mpendwa, soma maneno hayo tena. Kuna ombi ambalo siku moja litakuja kwako wewe, si kwa mchungaji wako. Mtoto wako atauliza swali saa nne usiku. Rafiki atakupigia akiwa amekata tamaa ya kuishi. Mzazi atakushika mkono. Wakati huo hutapata nafasi ya kwenda kutafuta mizizi. Utasimama na ile uliyo nayo.

Sasa tufanyeje?

Wengi tunakimbilia kung'oa. Unafuta programu zote kwenye simu, unatoka kwenye makundi, unafunga siku tatu. Ni vizuri, na mimi nakutia moyo ufanye hivyo. Lakini kung'oa kayongo peke yake watu wetu wamefanya miaka na miaka, na msimu unaofuata linarudi. Bwana alifundisha jambo kama hilo katika Mathayo 12:43-45, habari ya nyumba iliyofagiwa na kupambwa lakini ikaachwa tupu. Aliyetoka alirudi na wenzake saba wabaya kuliko yeye.

Watafiti wa kituo cha ICIPE pale Mbita, kando ya Ziwa Victoria, pamoja na wenzao, waligundua jambo ambalo limewasaidia wakulima wengi. Kati ya mistari ya mahindi unapanda mmea mwingine, desmodiamu. Mizizi yake hutoa vitu vinavyoiamsha mbegu ya kayongo, lakini pia vinaizuia isishike mzizi wa mhindi. Basi inaamka, inakosa pa kunyonya, inakufa. Desmodiamu hufunika udongo, huurutubisha, na ng'ombe hula. Na ukishaipanda, inabaki hapo misimu mingi.

Mkulima hakuambiwa aache kulima mahindi. Aliambiwa apande kitu kati ya mistari.

Ndiyo maana nilitaka uweke alama kwenye Danieli 6. Danieli alikuwa mmoja wa wakuu watatu waliosimamia maliwali 120. Kazi yake ilikuwa nyingi kuliko yako na yangu. Hatusomi kwamba aliacha ofisi akaenda mlimani. Tunasoma kwamba mara tatu kwa siku alipiga magoti, madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu. Alipanda maombi kati ya mistari ya kazi. Na amri ya mfalme ilipotoka, hakuanza kujifunza kuomba siku hiyo. Alifanya kama alivyozoea. Simba walimkuta mtu ambaye tayari ana mizizi.

Kwa hiyo sikwambii ufunge duka. Najua karo ya shule haingoji, na mwenye nyumba hangoji. Nakwambia panda katikati. Kabla hujagusa simu asubuhi, Zaburi moja, hata kama ni fupi. Mchana, ukiwa kwenye matatu au ukingoja wateja, mtajie Mungu jina la mtu mmoja na haja yake. Jioni, kabla watoto hawajalala, waombee kwa sauti, ili wasikie sauti ya baba yao au mama yao ikizungumza na Mungu. Wewe unayelea peke yako, wewe unayefanya kazi ya usiku, tafuta saa zako. Mungu anajua ratiba yako.

Wala usitegemee kwamba juma moja litamaliza. Mbegu zilizolala miaka kumi hazitaisha kwa semina ya siku mbili. Misimu kadhaa itapita, lakini udongo utabadilika.

Ndugu yule bado ana maduka mawili. Chama alimwachia mwingine. Kila jioni akifunga duka anampigia mama yake, wanaomba pamoja kwa simu, dakika mbili au tatu. Anasema siku za kwanza maneno yalikuwa machache, na mama ndiye aliyejaza. Sasa wanapokezana.

Leo, kabla hujalala, amua utapanda nini na saa ngapi. Mwambie mtu mmoja nyumbani mwako, ili akuulize Jumamosi.

Tuombe. Baba, umeliona shamba la kila mmoja anayesoma haya. Unajua kinachonyonya chini ambako sisi hatuoni. Tupe neema ya kupanda na uvumilivu wa kungoja. Tutakapoombwa, tusikutwe watupu. Katika jina la Yesu, Amina.

Ubarikiwe, mpendwa. Tuonane Jumapili.