Staa Alituonyesha Juu ya Boksi, Chini Hakutuonyesha

Leo sina stori ya nani kamuacha nani, ila staa yumo, tulieni.

Kuna dada mmoja wa mjini, simtaji maana mashabiki zake nawajua hasira zao. Mwaka juzi aliposti video yuko kibarazani kwake, anafungua boksi zuri la plastiki, anatupia maganda ya ndizi, anasema nyungunyungu ndo wanamtengenezea mbolea ya maua. Kucha ndefu, muziki kwa mbali, laiki kama zote. Mimi huku Rwamgasa nikaona fursa. Mama ana matuta ya mchicha nyuma ya nyumba na mbolea ya dukani haishikiki bei.

Nikatafuta ndoo ya rangi ya lita 20. Nyungunyungu nikachimba mferejini, chini kidogo ya karasha, maana pale ndo pana unyevu. Nikawawekea udongo, ugali uliolala, nyanya mbovu, maganda ya tikiti. Nikafunika vizuri kabisa, nikajiona mtaalamu.

Ilikuwa Aprili, mvua kila siku. Wiki ya pili mama akaja mlangoni kashika pua. "We mtoto, umeficha nini kwenye ile ndoo?" Kufungua, ni uji mweusi. Waliokuwa hai wamejibana kwenye mfuniko kama abiria wanaotafuta dirisha. Waliobaki chini, nisiseme.

Nikaingia mtandaoni mpaka bando likakata. Kumbe nyungunyungu hana mapafu, anapumua kwa ngozi. Ngozi ikikauka anakufa, na akikaa kwenye maji yaliyosimama hewa inaisha, anakufa pia. Na maji siyo ya mvua tu. Tikiti na nyanya zenyewe ni maji matupu, zikioza yanashuka chini, na ndoo yangu haikuwa na hata tundu moja. Ile harufu ndo dalili kwamba hewa imeisha. Ndoo yenye afya inanuka udongo baada ya mvua, basi.

Nikapasha msumari motoni, nikatoboa matundu chini, na mengine madogo pembeni juu ya hewa. Nikaikalisha juu ya matofali mawili, chini beseni la kukinga. Nikaihamishia chini ya mwembe, maana pembeni ya ukuta wa bati jua la saa saba lingewapika. Maboksi ya dukani nikayachana vipande nikachanganya humo, yananyonya maji na kuacha nafasi ya hewa. Kipimo changu mpaka leo ni mkono: nakamata konzi, nakamua. Yakitoka matone mawili matatu, freshi. Yakichuruzika, naongeza maboksi na nasitisha kuwalisha siku kadhaa. Nyama, mafuta na ndimu siweki kabisa.

Sasa kuna mshkaji akanishauri niweke mchanga chini ili maji yapite vizuri. Mchanga kwetu ni wa bure, marudio yamejaa kama vilima. Nikaenda na kiroba. Nikamkuta mzee mmoja wa pale karashani, nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Mchanga wa nini mjukuu wangu?"

"Wa mbolea ya mboga, babu."

Akaangalia kiroba, akaniangalia mimi. "Hiyo mboga mtakula wenyewe?"

Wadau wa mjini niwaeleze. Huku mawe yanasagwa karashani, mchanga unaoshwa, halafu unachanganywa na zebaki ili ikamate dhahabu. Ikishakamata wanachoma, zebaki inapaa na moshi, dhahabu inabaki. Lakini siyo zebaki yote inayopaa. Nyingine inabaki kwenye huo mchanga tunaouita marudio, na mvua ikinyesha inateremka nao mferejini. Zebaki haiozi. Watafiti wa mradi wa Umoja wa Mataifa walikuja hapahapa Rwamgasa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kupima hayo mambo, na mwaka 2020 nchi yetu ikaridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki. Karashani kwetu bado utaiona. Na nyungunyungu anayeishi kwenye udongo wa hivyo anaikusanya mwilini.

Nikamwaga kiroba palepale. Chini ya ndoo nikapanga magunzi ya mahindi, maji yanapita bila shida. Nyungunyungu wapya nikawafuata kwa shangazi kijijini, mbali na machimbo, kwenye lundo la zamani la samadi ya ng'ombe. Hao wekundu wembamba wanaokaa kwenye samadi ndo wanaopenda maisha ya ndoo. Wale wa kuchimba chini udongoni hata hawakuzoea.

Sasa ndoo ni mbili, na mama ndo anawalisha kuliko mimi. Yule dada nilimwandikia chini ya video, "Dada, boksi lako lina matundu?" Hajajibu. Video za karibuni nikiangalia, boksi silioni tena kibarazani.

Kuna kitu kimoja tu sijamwambia mama. Ile ndoo ya kwanza ilipoharibika, aliimwaga uani, kuku wakajipigia wale nyungunyungu wa mferejini mpaka wa mwisho. Mayai tukaendelea kula kama kawaida.