Kijiji Kisichosahau Majina

Ndugu msomaji, sisi wa mijini tunapoitaja Uingereza, fikra zetu hukimbilia London: majumba ya wafalme, saa kubwa ya Bunge na timu za mpira. Ni wachache wanaokumbuka kwamba nchi ile ina maelfu ya vijiji, na kwamba vijiji hivyo vina desturi zao za furaha na za huzuni. Leo napenda tuzungumze juu ya desturi mbili kati ya hizo: sherehe ya kijiji, na siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Ukizitazama kwa haraka utadhani hazina uhusiano wowote. Ukikaa nazo, utaona kwamba zote ni kazi ya mikono ile ile.

Nimezishuhudia zote mbili katika safari za kumtembelea binti yangu, ambaye ni muuguzi na anaishi na mumewe katika kijiji kidogo cha Dorset, kusini mwa Uingereza. Safari ya kwanza ilikuwa Novemba 2024, nilipokwenda kumhudumia akiwa mzazi. Ya pili ilikuwa Mei 2025.

SHEREHE NI KAZI YA WOTE

Mwezi huo wa Mei Waingereza walikuwa wakiadhimisha miaka 80 tangu Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha katika Ulaya, Mei 8, 1945. Kijijini kwa binti yangu watu walikusanyika katika uwanja ulio mbele ya ukumbi wa kijiji. Kamba zenye vibendera vya pembe tatu zilifungwa kutoka mti hadi mti. Palikuwa na bendi ya matarumbeta, mchezo wa kuvuta kamba, bahati nasibu, na meza ndefu zilizojaa keki na birika za chai.

Palikuwa pia na mchezo mmoja ulionichekesha. Nazi huwekwa juu ya vigingi, na mtu hulipa fedha kidogo akapewa mipira ya kurusha. Akiiangusha nazi, ni yake. Mimi niliyezaliwa Tanga, chini ya mnazi, nilimtazama mzee mmoja akiondoka na nazi yake kifuani kama mtu aliyeshinda ng'ombe, nikazikumbuka zile tunazozikuna nyumbani kila siku pasipo kuzishukuru.

Lakini kilichonigusa zaidi kilikuwa ni karatasi iliyobandikwa mlangoni pa ukumbi. Iliandikwa majina ya watu na kazi zao: nani ataoka keki, nani atabeba viti, nani ataosha vikombe jioni. Hakuna aliyelipwa, wala hakuna kazi iliyokosa mwenyewe. Binti yangu alipangiwa kuleta sambusa, nazo zilikwisha kabla ya keki. Fedha zilizopatikana zilikuwa za kutengeneza paa la ukumbi huo huo. Na ukumbi wenyewe, ndugu msomaji, ni kumbukumbu ya vita. Baada ya mwaka 1918 vijiji vingi vya Uingereza viliamua kwamba heshima iliyo bora kwa vijana waliokufa ni kujenga mahali ambapo walio hai wataweza kukutana. Basi wanaocheza na kunywa chai mle ndani wako, kwa namna fulani, katika nyumba ya marehemu.

Wazee hueleza kwa nini kengele za kanisa hupigwa kwa nguvu siku kama hiyo. Mwezi Juni 1940, nchi ilipohofia kuvamiwa, kengele za makanisa zilinyamazishwa, zisipigwe ila kutoa tahadhari kwamba adui ameshuka. Zilisikika tena Novemba 1942, kwa furaha ya ushindi wa El Alamein kule Misri, na katazo likaondolewa mwaka 1943. Hata keki zina historia yake. Mgao wa chakula ulioanza 1940 haukwisha pamoja na vita, bali uliendelea mpaka 1954. Sisi tuliopanga foleni za sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980 hatuhitaji kuelezwa maana ya keki yenye sukari ya kutosha.

JIWE BADALA YA KABURI

Sasa turudi nyuma kidogo, hadi Jumapili ya Novemba 10, 2024. Kila mwaka Jumapili ya pili ya Novemba ndiyo ya kumbukumbu, kwa sababu Vita Vikuu vya Kwanza vilisimama Novemba 11, 1918, saa tano ya asubuhi. Watu hutundika kifuani ua jekundu la popi. Maua hayo huuzwa tangu 1921, na fedha zake huwasaidia askari wa zamani pamoja na jamaa zao.

Penye njia panda ya kijiji kile upo msalaba wa jiwe, na chini yake yamechongwa majina. Tulisimama pale katika manyunyu, wazee, vijana, na watoto wa skauti waliobeba bendera. Ilipotimu saa tano, kimya cha dakika mbili kiliingia, desturi iliyoanza mwaka 1919. Magari yalisimama barabarani. Kisha msichana wa shule aliyasoma majina yote, moja baada ya jingine, pasipo haraka. Hayakupangwa kwa vyeo. Mwana wa mwenye shamba yumo, na mtumishi wa zizi lake yumo, kila mmoja mahali ambapo herufi ya jina lake imemweka. Majina mengine ya ukoo yalirudiwa mara mbili, hata mara tatu, na palepale nyuma yangu walisimama watu wanaoyatumia hadi leo.

Nilimwuliza jirani ya binti yangu, mwanamke aliyeoka keki nyingi kuliko wote, kwa nini jiwe lile linapewa heshima kubwa hivyo. Alinijibu kwamba lile ndilo kaburi lao. Na kweli, wakati wa vita vya kwanza serikali ya Uingereza ilikataza miili ya askari isirudishwe nyumbani, maskini wala tajiri. Mama aliyefiwa hakuwa na mahali pa kuweka shada la maua. Ndiyo maana karibu kila kijiji kina jiwe lake. Vijiji ambavyo askari wote walirudi salama kutoka vita vile ni vichache sana. Katika Uingereza na Wales havizidi sana 50, navyo huitwa vijiji vyenye shukrani.

Vita havikuchukua watu peke yao. Huko huko Dorset kipo kijiji kiitwacho Tyneham. Mwezi Desemba 1943 wakazi wake na jirani zao, watu wapatao 225, walihamishwa ili jeshi lipate mahali pa kufanyia mazoezi. Waliacha barua mlangoni mwa kanisa, wakiomba nyumba zao zitunzwe kwa kuwa siku moja watarudi. Hawakuruhusiwa kurudi. Leo kuta za nyumba zimesimama bila mapaa, na wageni hutembea humo wakisoma habari za waliokaa katika kila nyumba. Hata pale ambapo kijiji kilikufa, majina yalibaki.

MAJINA YETU YAKO WAPI?

Nikiwa katika kimya kile, ndugu msomaji, fikra zangu zilikuwa mbali na Dorset. Nilimfikiria kaka yake babu yangu, aliyechukuliwa mwaka 1917 kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza lililokuwa likipigana na Wajerumani katika nchi yetu. Hakurudi. Alikuwa mmoja wa watu wa Carrier Corps, wale ambao jina lao tumelifanya Kariakoo, tukanunua humo nyanya na vitenge tukiwa hatuwakumbuki. Walikuwa mamia ya maelfu, na waliokufa kwa homa, kuhara na njaa walikuwa makumi ya maelfu.

Vijana wa kijiji kile na ndugu yule walikufa katika vita vile vile, chini ya serikali ile ile. Wale wameandikwa, huyu hakuandikwa. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ni nzuri, lakini haina jina hata moja la mchukuzi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Radhi ni jambo jema, lakini radhi haimtaji mtu.

Sisi tunayo desturi yetu. Hatukuchonga jiwe, tulimpa mtoto jina la marehemu. Babu alimpa mwanawe wa kwanza jina la kaka yake, na mwana huyo ndiye baba yangu. Jina halikupotea, lakini habari zake zimepotea: alikamatwa wapi, alipita njia ipi, nani alimwona mwisho. Waliojua wamekufa, na mtoto anayepewa jina bila habari zake amepewa nusu ya urithi.

Kwa hiyo nakuomba jambo dogo. Hatuhitaji kungoja serikali wala tume. Chukua daftari leo, baada ya chakula, umwulize mzee aliye karibu nawe: katika ukoo wetu ni nani aliyekwenda vitani, akiwa askari au mchukuzi? Alitoka kijiji gani? Alirudi? Andika jina, andika na mahali. Likizo ikifika, liendeshe daftari hilo mpaka kijijini, na watu wakikusanyika kwa arusi au kwa sikukuu, mpe mtoto mmoja anayejua kusoma ayasome majina hayo mbele ya wote, kabla chakula hakijapakuliwa.