Mshika Mawili

Wahenga walilonga kwamba mshika mawili moja humponyoka. Methali hiyo hufunzwa shuleni mapema, na insha zake hufanana kiasi kwamba mwisho hujulikana hata kabla kalamu haijashikwa. Hata hivyo, barubaru mmoja wa mjini Garissa alijikuta ndani ya methali hiyo mzimamzima mnamo Agosti 2024, asijue atatokea upande gani.

Alikuwa na faili ya plastiki aliyoilaza chini ya mto kila usiku. Ndani mlikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa barua ya udahili: alikuwa amepata nafasi ya kusomea ualimu katika Chuo Kikuu cha Garissa, na siku ya usajili ilikuwa imetajwa. Ya pili ilikuwa ukurasa uliochanwa daftarini, uliojaa majina ya stesheni, saa na nauli. Ilikuwa ramani ya safari yake ya treni.

Ili kuielewa karatasi hiyo ya pili, yafaa kukumbuka kwamba Garissa haina reli. Reli ya kwanza ya Kenya ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Kisumu mwaka wa 1901, ikaiacha nchi ya kaskazini mashariki jinsi ilivyoikuta. Wakati wa ukoloni eneo hilo lilikuwa wilaya iliyofungwa, ambamo mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Mnamo Machi 2012 mradi mkubwa wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia ulizinduliwa, na katika ramani zake mstari wa reli ulipita Garissa. Mstari huo ungali ni mstari wa ramani.

Kwa hiyo mtoto wa Garissa huyajua mambo ya treni kama anavyoyajua mambo ya theluji: kwa msamiati. Barubaru huyu alifunzwa behewa, stesheni, reli na garimoshi ubaoni, na mwalimu ambaye alichora mistatili mitatu iliyounganishwa kwa vijistari. Nyumbani walizungumza Kisomali. Kiswahili alikiokota sokoni na kukisafisha darasani. Ndipo lugha hiyo ilipomjia ikiwa imebeba vitu asivyowahi kuviona, na kila neno lisilo na kitu likawa deni alilotaka kulilipa kwa macho yake.

Mwishoni mwa Julai 2024 redio ilitangaza kwamba treni ya umeme ya Tanzania imeanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Akakata shauri. Angepanda basi hadi Nairobi, mwendo wa takriban kilomita 370. Nairobi angepanda treni ya Madaraka hadi Mombasa, ambayo daraja lake la kawaida lilikuwa limepanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mwanzoni mwa mwaka huo. Kisha basi la Lungalunga, avuke mpaka Horohoro, apite Tanga, aingie Dar es Salaam. Hapo angenunua tiketi ya Dodoma kwa shilingi 31,000 za Tanzania. Alipozibadilisha katika hesabu yake, alishangaa kuona kwamba zilikaribia kabisa zile 1,500 za kwao. Treni mbili, nchi mbili, bei moja! Alipigia mstari ugunduzi huo mara mbili.

Pesa alikuwa nazo, shilingi 14,000, alizozichuma soko la mifugo kwa kupakia mbuzi kwenye malori. Lakini hakuwa na kitambulisho. Alikuwa ametimiza umri wa miaka 18 mapema mwaka huo na kuwasilisha maombi yake. Kama ilivyokuwa desturi kwa wakazi wa eneo hilo wakati huo, alifika mbele ya kamati ya wazee na maafisa, akaulizwa jina la babu yake, la baba wa babu yake, na kisima walichonyweshea ngamia wao. Babu mwenyewe alikuwa mzee wa zile kadi maalumu za mwaka 1989, Wasomali wa Kenya walipotakiwa kuthibitisha upya uraia wao. Mjukuu alijibu yote. Akaambiwa angoje.

Bila kitambulisho hapakuwa na hati ya kusafiria, na bila hati hapakuwa na Dodoma. Hata Nairobi ilikuwa na mashaka, kwa kuwa kwa miaka mingi abiria wanaotoka Garissa wameteremshwa kwenye vizuizi, wakapanga foleni na kuonyesha vitambulisho. Fomu za mkopo wa masomo nazo ziliuliza nambari ileile. Kumbe treni na shahada, alivyoviona kuwa mahasimu, vilikuwa vimesimama nyuma ya mlango mmoja, na kitasa cha mlango huo kilikuwa kwa mtu mwingine.

Kwa nini hakuiahirisha tu safari? Jibu lilikuwa katika ile barua ya kwanza. Wenzake waliomaliza naye kidato cha nne walikuwa wakifunga masanduku kuelekea Nairobi, Eldoret na Maseno. Kwao, kwenda chuoni kulikuwa kwenda. Yeye angeenda chuoni kwa miguu, apite duka lilelile na msikiti uleule, kisha jioni arudi kulala kitanda kilekile. Aliona haya kusema, lakini moyoni aliamini kwamba shahada isiyo na safari ni nusu shahada. Kwa hiyo alitaka kujipa safari hiyo mwenyewe, kabla ya mlango wa chuo kumfungia ndani ya mji aliozaliwa.

Kitambulisho kilitoka siku kumi kabla ya usajili. Akahesabu kwa vidole. Hati ya kusafiria ingechukua siku kadhaa. Kwenda na kurudi kungemla siku saba, na hiyo ni iwapo hakuna basi litakaloharibika. Akahesabu tena, akaona kwamba ikiwa kila kitu kitakwenda sawa, atafika Garissa usiku wa kuamkia usajili. Fauka ya hayo, zile 14,000 zisingetosha nauli na ada za mwanzo kwa pamoja.

Usiku huo aliziweka karatasi zote mbili mbele ya mama yake, muuza maziwa ya ngamia ambaye hakusoma zaidi ya chuo cha Kurani. Waliitana "hooyo", kama ilivyo desturi ya Wasomali, mama na mwana kwa jina hilohilo moja.

"Hiyo treni, hooyo, huondoka mara moja?"

"La, hooyo. Huondoka kila siku."

"Na chuo?"

"Chuo kina siku yake."

Mama aliikunja ile karatasi ya daftari kwa uangalifu, kama mtu akunjaye noti, akamrudishia. "Basi ya kila siku itakungoja. Ya siku moja haitakungoja."

Alilala akiwa ameshindwa hoja lakini hajaridhika.

Siku ya usajili alipanga foleni tangu alfajiri. Nyuma yake alisimama kijana mwenye sanduku zito na macho mekundu ya uchovu.

"Ndugu, hii ndiyo foleni ya mwaka wa kwanza?" aliuliza kwa Kiswahili chenye lafudhi ya pwani.

Alikuwa ametoka Voi. Alikuja kwa treni hadi Nairobi, kisha kwa basi. Mwenyeji wetu alisahau foleni. Treni! Ilikuwaje? Ilitikisika? Je, ndovu wa Tsavo huonekana dirishani?

Mgeni alicheka. "Ndugu yangu, nilipanda nikalala. Nilipofumbua macho tulikuwa Athi River." Kisha akaacha kucheka. "Lakini tulipofika daraja la Tana nilikuwa macho. Mama yangu alilia siku mbili nisije huku. Kwa sababu ya wale wa 2015."

Hakuna aliyehitaji kueleza. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi walivamia chuo hicho na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Mwenyeji alikuwa na umri wa miaka tisa. Alikumbuka mama akifunga mlango, na mji mzima ukinyamaza. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016. Tangu hapo alikipita mara nyingi, lakini hakuwahi kuliwaza jambo hili moja: wengi wa wale vijana walikuwa wamesafiri. Walifunga masanduku, wakaagana na mama zao, wakavuka Tana kuja kusoma katika mji ambao yeye aliudharau kwa kuwa ulikuwa karibu. Na sasa, baada ya yote hayo, huyu wa Voi amevuka pia.

Alilichukua sanduku la mgeni akalitwika begani. Jioni hiyo alimpeleka kwa mama yake, akanywe maziwa ya ngamia kwa mara ya kwanza. Mgeni alikunja uso, akamaliza bilauri.

Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kukomeshwa kwa uhakiki ule wa ziada wa vitambulisho. Habari hiyo haikumrudishia barubaru wetu siku zake za kungoja, lakini dada yake mdogo yu karibu kutimiza miaka 18, na mama ameisikia redio.

Ile karatasi ya daftari ingali faili moja na barua. Imeongezwa jina la pili, la mwenzake wa Voi, aliyeapa kwamba safari hii hatalala. Nauli zimeandikwa upya kwa penseli na tarehe imewekwa katika likizo ndefu. Wahenga walimwonya mwenye kushika mawili kwa wakati mmoja. Hawakumkataza kuweka moja chini kwa heshima, akijua alipoliweka.