Muhuri wa Mzee na Gongo la Sherbrooke

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sidhani kuna mwanafunzi wa Kiswahili ambaye hajawahi kuitungia insha methali hii. Leo, kwa ruhusa yako ndugu msomaji, nataka kuibishia kidogo. Nimekwisha kuona kizuri kikikaa mlangoni mpaka kikashika vumbi, na wapita njia wakikisifu kwa sauti kubwa huku wakielekea kununua kingine. Ushahidi wangu wa kwanza unatoka mbali, katika mji wa Sherbrooke, jimbo la Quebec, nchini Kanada, kwa watu wanaocheza mpira wa magongo juu ya barafu. Wa pili unatoka karibu mno, na huo ndio unaoninyima usingizi.

Hapa Kenya ukitaja hoki, wazee watakukumbusha uwanja wa City Park na timu ya taifa iliyoshika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la mwaka 1971. Hiyo ni hoki ya uwanjani, na gongo lake ni fupi, kichwa kimepinda kama ndoana. Ya Kanada ni nyingine. Wachezaji huvaa viatu vyenye makali chini, wakateleza kama samaki. Badala ya mpira hugombea kisahani cheusi, kigumu. Gongo lao ni refu, linafika karibu na kidevu cha mtu aliyesimama: juu mpini, chini ubapa kama wa mwiko wa kusongea ugali. Mchezo huo si mgeni kabisa Nairobi. Mwaka 2005 palifunguliwa uwanja mdogo wa barafu ndani ya hoteli moja katika barabara ya Mombasa, na hapo ndipo vijana wa Ice Lions walipojifunzia, hata wakafika Kanada mwaka 2018.

Sasa, katika nchi hiyo ya barafu palikuwa na kampuni iitwayo Sher-Wood. Ilianza Sherbrooke mwaka 1949. Jina lake ni mji na mti vilivyounganishwa: Sher ni ya Sherbrooke, na wood kwa Kiingereza ni mti. Gongo lao lililopendwa kuliko yote liliitwa PMP 5030, nalo lilianza kutengenezwa mwaka 1976. Kwa miaka thelathini hivi waliunda kama milioni 6. Guy Lafleur, nyota wa Montreal Canadiens iliyotwaa Kombe la Stanley mara nne mfululizo, 1976 hadi 1979, alicheza na Sher-Wood. Ray Bourque, beki wa Boston, Sher-Wood pia. Mtoto wa Quebec aliyejiona Lafleur mdogo hakuwa na haja ya kuuliza aombe gongo gani.

Mimi sikuyajua haya kwa kusafiri. Gongo la Sher-Wood nililiona Gikomba, mkononi mwa mama mmoja auzaye makoti ya mitumba. Alikuwa akilitumia kuangulia nguo zilizotundikwa juu, ubapa ukishika vizuri ule waya wa henga. Maandishi yalikuwa yamechujuka, lakini yalisomeka. Nilimwomba mama yule aniazime kwa saa moja, nikalipeleka kwa mzee wangu, ambaye ana karakana ya useremala upande wa mbao, hapo hapo Gikomba, miaka ishirini na sita sasa.

Mzee hakuuliza ni la nini. Alilikunja kidogo kwa magoti, akaligonga kwa kidole, akasikiliza. Halafu akanionyesha ukingo wa mpini.

"Unaona hii mistari? Hili halikuchongwa kwa pande moja. Ni vipande vimegandishwa kwa gundi, na kila kimoja nyuzi zake zinaenda sawa na mwenzake. Fundi aliyeunda hili anajua mti ukikasirika unapasukia wapi."

Kutoka kwa mzee wangu hiyo ni sifa kubwa. Tangu nimalize kidato cha nne nafanya kazi naye, na sijaipata mimi.

Usiku ule nikaanza kusoma, na kila nilichosoma kilinishangaza. Nilitarajia kukuta kwamba kampuni ile iliharibu kazi, ikaanza kutumia mti mbovu, watu wakachoka. La hasha. Gongo la 5030 lilianguka likiwa bado zuri. Wapo waliosema ndilo gongo bora la mti lililowahi kuundwa, na walikuwa wakisema hivyo wakati linakufa.

Lililoliangusha lilitoka Marekani. Kampuni ya Easton ya California ilianza mwaka 1922 kwa kutengeneza pinde na mishale ya miti. Baadaye ikahamia kwenye mishale ya alumini, kisha virungu vya besiboli, kisha magongo ya hoki. Wayne Gretzky, mchezaji mkuu kuliko wote, alionekana miaka ya 1990 na gongo la alumini la Easton. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaleta Synergy, gongo la nyuzi za kaboni, mpini na ubapa kitu kimoja. Lilikuwa jepesi kuliko la mti, na lilipokunjwa lilirudi kwa haraka, kisahani kikafyatuka kama jiwe la manati. Tena yote yalifanana. Magongo ya miti, hata ya fundi mmoja, hutofautiana kidogo kwa uzito na kwa ulegevu, ndiyo maana wachezaji wa zamani walikuwa wakiyachagua moja moja kama mtu anayechagua miwa. Ya kaboni huna haja ya kuchagua.

Bei je? Gongo la mti lilipatikana kwa dola 40 hivi, la kaboni likapita dola 100, na leo yapo yanayokaribia au kuzidi 300. Na linavunjika! Tena halitoi dalili. La mti hulegea kwanza, mchezaji akajua siku zake zimefika, lakini la kaboni hukatika ghafla, mtu akabaki na kipande mkononi na goli liko wazi mbele yake. Pamoja na hayo wakalinunua. Mwishoni mwa mwaka 2007 zikatoka habari kwamba Sher-Wood wangeacha kuunda 5030 kiwandani kwao. Jason Spezza wa Ottawa, mmoja wa wachache waliokuwa bado wanalishika, akaagiza ya akiba. Wengine walihuzunika tu. Walilipenda sana, lakini dukani walishika lingine.

Hapo ndipo nilipofunga kitabu changu nikamtazama mzee amelala, nikaona hii si hadithi ya Kanada peke yake.

Njoo karakanani kwetu Jumamosi yoyote. Utakuta kitanda cha mvule kilichounganishwa kwa ulimi na tundu, bila msumari hata mmoja. Watu husimama, wakapitisha mkono ubaoni. "Mzee, hii ndiyo kazi! Siku hizi hakuna mafundi." Wanapiga picha, wanatuaga kwa heshima. Baada ya wiki unawaona wanapita na mkokoteni umebeba kitanda cha bodi, ile ya vumbi la mbao lililoshindiliwa na gundi, kikiwa bado ndani ya katoni lake. Siwalaumu. Serikali ilipositisha ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, bei ya mbao ilipanda, na mzee akalazimika kupandisha naye. Cha bodi ni rahisi, kinang'aa, kinafika leo leo. Mwenye chumba kimoja na kodi ya mwezi hawezi kusubiri wiki tatu mvule ukauke.

Basi mwaka jana akaja mfanyabiashara mmoja, mtu mpole, amevaa vizuri. Hakutaka kitanda. Alitaka muhuri.

Mzee ana muhuri wa chuma wenye jina lake. Huuchoma kwenye moto, akaugandamiza nyuma ya kila kitu anachomaliza. Mtaani watu huinua kitanda kutafuta alama ile kabla ya kununua kwa mtu mwingine. Mfanyabiashara alisema analeta fanicha za bodi kwa kontena, na angependa ziwe na jina linalojulikana. Mzee asingepiga hata msumari. Angetoa jina, naye angelipwa kila mwezi. Kiasi alichotaja kilitosha kodi ya karakana na karo ya mdogo wangu, na kubaki.

Mzee alisema atafikiri. Mama alifikiri kwa sauti, usiku na mchana.

Nami nikamhadithia mzee yaliyolipata jina la Sher-Wood. Nilimwambia kwamba mwaka 2011 madeni yaliizidi ile kampuni, ikakimbilia sheria ya kufilisika, ikauzwa. Kwamba mwaka 2018 Canadian Tire, wenye maduka makubwa nchini Kanada, walilinunua jina na alama zake, na jina likaendelea kuandikwa kwenye magongo na vifaa vingine. Mtoto wa leo anaweza kushika Sher-Wood ambayo haina mti ndani, na haikutoka Sherbrooke.

Alikuwa anapiga msasa, hakuinua kichwa. "Na wale mafundi?"

"Kazi ya lile la mti ilipewa kiwanda kingine, huko huko Quebec."

"Basi mikono haikufa siku ile," akasema. "Na hawa wa kaboni waliowashinda?"

Nikamweleza kwamba nao hawakudumu juu. Mwaka 2014 Easton ikagawanywa, upande wa besiboli ukauzwa peke yake na wa hoki peke yake, na mwaka 2016 wapinzani wao Bauer wakaununua ule wa hoki na kuliweka jina pembeni. Gongo jepesi lilikuwa limeshakuwa la kila mtu. Kila kampuni ilijua kulifanya, na aliyelianzisha hakuwa tena na siri.

Mzee alicheka kidogo. "Kwa hiyo aliyekataa kubadilika alianguka, na aliyebadilisha wenzake akaanguka. Wewe unayetaka kuandika vitabu, hapo unanishauri nini?"

Ndugu msomaji, hilo swali limenikaa. Mimi ni kijana wa riwaya moja isiyochapishwa, kurasa mia mbili na kumi na moja za kuandika kwa mkono. Wenzangu wameisoma kwa kuazimana mpaka daftari la kwanza limepoteza jalada. Wananisifu. Hakuna aliyewahi kuniuliza itauzwa bei gani. Najua vizuri jinsi ya kupendwa kwa namna ile ya kitanda cha mvule. Na najua pia ninavyolitamani jina, kiasi kwamba mtu akinijia kesho na hadithi ya kizembe aliyoiandika mwingine, akaniambia weka tu jina lako, nitahitaji kunywa maji kwanza kabla ya kujibu.

Nilichomjibu mzee ni hiki. Sher-Wood hawakukosea kugusa kaboni. Walijaribu nao, ila walikuta wenzao wameshatangulia. Kujifunza kitu kipya si usaliti, na mwenye njaa hana haki ya kukiringia. Lakini kuna kubadilisha kazi ya mkono na kuna kuondoa mkono ukaacha jina. Cha kwanza kinaweza kukushinda na bado ukabaki fundi. Cha pili kinaweza kukulipa vizuri sana, na siku watu watakapoinua kitanda kuitafuta alama yako, wataikuta, na haitakuwa inawaambia kitu.

Mzee hakunijibu kwa maneno. Wiki iliyofuata alimpigia simu yule mfanyabiashara, akamwambia kwamba muhuri hautoki karakanani, lakini fanicha zake zikivunjika njiani azilete, atazitengeneza. Mama hakuzungumza naye siku mbili. Kodi ya mwezi ule tuliilipa nusu.

Tangu hapo bodi zinakuja. Milango ya kabati iliyong'oka bawaba, vitanda vilivyokatika ubavuni, meza zilizofura kwa maji. Mzee amejifunza kuzichanja, kuzitia kipande cha mti ndani pale panapobeba uzito, kuzifunga tena. Si kazi ya kusifiwa, na hakuna anayeipiga picha, lakini inalipa karibu kila siku. Mwezi uliopita nilimwona amemaliza kabati moja, akaligeuza, akalitazama kwa muda mrefu nyuma pale alipoweka mbao zake. Nikamuuliza kama nikawashe moto wa muhuri.

"Bado," akasema. "Nusu yake si yangu."

Mvule uko pale mlangoni. Jumamosi iliyopita watu wanne waliusifu. Mmoja aliuliza bei, akasema atarudi mwisho wa mwezi, nasi tumemwandika daftarini.