Daftari la Mililita

Jumatatu, 14 Oktoba 2024

Siku ya tano tangu mdogo wangu aanguke na pikipiki akitoka kupeleka majani ya chai kituoni. Yuko Nyeri, chumba cha mahututi. Mashine inampumulia, na mpira umepitishwa puani hadi tumboni. Leo Mama amekuja na chupa ya uji wa wimbi aliokoroga alfajiri kule Kianyaga, akaipakata kwenye matatu tatu: ya Kutus, ya Karatina na ya Nyeri. Muuguzi amempokea kwa upole. "Shosho, uji huu mzito utaziba mpira."

"Sasa mtoto anakula nini?"

"Kwa sasa hali. Tumbo limekataa."

Siku zote hizi tumekuwa tukiuliza habari za kichwa, kwa kuwa ndicho kilichopasuka. Tumbo hatukuliuliza, na hakuna aliyetuambia.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimeshuhudia mwenyewe. Muuguzi amechomeka bomba kubwa la sindano kwenye mpira akavuta, akamimina kwenye kikombe chenye alama, akavuta tena. Mara nne na kidogo. Yametoka maji ya kijani yenye mabonge meupe, maziwa yaleyale aliyolishwa saa kumi na mbili asubuhi. Amekiinua kikombe kwenye mwanga: mililita 250. Hapa kanuni ni kwamba yakizidi 200, kulisha kunasimama kwa saa sita. Maziwa yaliyokuwa yameshakorogwa kwa mlo wa pili yamemwagwa kwenye sinki. Kopo lile tulilinunua shilingi 2,400.

Simlaumu muuguzi. Anachokiogopa ni mgonjwa kutapika na matapishi kuingia mapafuni, na wagonjwa ni wengi kuliko mikono yake.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mtaalamu wa lishe amekaa nami kwenye benchi la korido, akanifanyia hesabu nyuma ya daftari hili. Mgonjwa wa kilo 68, kalori 25 kwa kila kilo, ni kalori 1,700 kwa siku. Maziwa yake yana kalori moja kwa mililita, kwa hiyo anahitaji mililita 1,700. Amepokea 380 Jumatatu, 520 juzi, 300 jana. Nimetoa nikapata deni la 3,900 kwa siku tatu tu, na hapo sijagusa zile za mwanzo.

Nimeuliza kwa nini tumbo la kijana wa miaka 26 ligome. Amesema kichwa kikiumia tumbo nalo huzubaa. Dawa za kumlaza na za kutuliza maumivu zinalegeza utumbo, na ile ya kupandisha presha inabana mishipa inayopeleka damu huko. Hutokea kwa wagonjwa wengi wa mahututi. Nimeandika yote. Nilikuwa nimeanza kudhani ni dalili ya kifo.

Jioni amekuja daktari mmoja, kijana. Amesoma chati, akauliza kama tumbo limevimba, kama ametapika. La. Basi akasema 200 ni kipimo cha zamani. Wahispania walijaribu 500 mwaka 2010, mambo hayakuharibika. Mwaka 2013 vyumba tisa vya mahututi huko Ufaransa viliacha kabisa kuvuta na kupima kwa nusu ya wagonjwa wao, na nimonia haikuongezeka. Ameagiza kitanda kiinuliwe upande wa kichwa, chakula kiingie polepole kwa saa zote badala ya kumiminwa kwa mkupuo, na sindano ya metoklopramaidi. Sindano nimeinunua duka la nje. Bei yake haikufika nauli yangu ya kurudi nyumbani, na kitanda na mashine ni 38,000 kila kukicha! Nimelia pale dukani, mwenye duka akanipa kiti.

Jumapili, 20 Oktoba

Mashujaa Dei. Harambee imefanyika Kianyaga baada ya ibada: 183,000, pamoja na zilizoingia kwa M-Pesa. Kadi ya bima ya afya ya NHIF tuliyoizoea ilikoma tarehe mosi. Sasa ni SHA, nami nimemsajili kwa *147# kwenye benchi lilelile. Bonasi ya chai, ambayo Mama aliiwekea mipango ya mabati, imekwisha.

Watu waliuliza pesa zinaenda wapi. Nikasema dawa, mashine, kitanda. Sikuweza kusimama mbele ya kanisa nikasema tunalipia pia siku za njaa.

Jumatano, 23 Oktoba

Mililita 60 kwa saa, usiku kucha, bila kurudi. Daktari ameonya kwamba nguvu ya sindano hufifia baada ya siku chache. Ikishindikana wataongeza erithromaisini, ambayo mimi niliijua kama dawa ya kifua, kumbe inasukuma tumbo pia. Baada ya hapo ni mpira mrefu wa kufika kwenye utumbo, au chakula cha mishipani, na hicho cha mwisho nimeomba nisitajiwe bei leo.

Tumbo limeunguruma nikiwa nimesimama pale. Muuguzi ametabasamu kabla yangu.

Jumatano, 30 Oktoba

Mashine imetolewa jana. Walijaribu tangu Ijumaa wakashindwa. Mapafu yalikuwa safi, misuli ya kifua ndiyo iliyokuwa dhaifu. Nimemuuliza daktari ni siku ngapi kati ya hizo zilitokana na kutokula. Amesema hawezi kuzitenga na jeraha lenyewe. Nimeamini kwamba hawezi. Hata hivyo nimeandika 38,000 mara nne kwenye ukurasa wa pembeni, nikajumlisha: 152,000. Mtamba wetu ameuzwa kwa chini ya hapo.

Mama ameushika mkono wa mdogo wangu juu ya kiwiko. Vidole vyake vimekutana upande wa pili. Amevitazama, akaachia, akashika tena.

Kesho atajaribiwa kumeza, kijiko kimoja kimoja. Mama amerudi Kianyaga na matatu ya mwisho. Amenipigia simu sasa hivi: unga wa wimbi ameuchekecha mara mbili, na anataka kujua uji uwe mwepesi kiasi gani.