Ng'ombe wa Kengeja kwa Picha 15

Anayedhani video zimekuwa zikiboreka mwaka hadi mwaka hakukulia Kisiwa Panza, Pemba. Kwetu mwendo kwenye kioo ulianza laini, ukaharibika, ukazidi kuharibika, ndipo ukarudi. Na uliporudi, sehemu yake kubwa ilikuwa ya kubuni.

Ule wa kwanza ulikuja na mkanda. Deki, televisheni ya chogo na jenereta vilivushwa kwa mashua kutoka Chokocho, vikawekwa uani kwa mjomba, na majamvi yakatandikwa. Filamu za Kihindi tulizipenda, lakini uani palinyamaza zaidi ilipowekwa mikanda ya kwetu wenyewe: harusi, na juu ya harusi, mchezo wa ng'ombe wa Kengeja. Zumari linalia, dume limefungwa kamba ndefu, mchezaji analichokoza kwa kitambaa. Likimwendea, uliona kila hatua, kwato ikipanda na kushuka, vumbi likifuata. Watoto wa mstari wa mbele tulirudi nyuma.

Kwa nini ilikuwa hivyo nilikuja kuelewa nilipoingia kwenye kazi ya kuhariri video. Mfumo wa televisheni tuliotumia, PAL, una mistari 625, lakini mistari hiyo haichukuliwi kwa pamoja. Kamera za mikanda zilichukua kwanza mistari witiri, kisha mistari shufwa, kila kundi kwa wakati wake. Picha kamili zilikuwa 25 kwa sekunde, ila jicho lilipata nyakati 50 za mwendo, sawasawa na hezi 50 za umeme wa Tanzania. Hila ya zamani sana, na mpaka leo naiheshimu.

Kisha zikaja CD, tukashangilia, maana CD hailiwi na deki. Video CD ilibeba picha ya nukta 352 kwa 288, mara 25 kwa sekunde. Kuhamisha mkanda kwenda humo kwa kawaida kulimaanisha kutupa kundi moja la mistari, na pamoja na mistari zikatupwa nusu ya zile nyakati. Dume likaanza kudunda kidogo. Hakuna aliyelalamika, kwani picha ilikuwa haina chenga, na macho ya watu huvumilia mengi wakiambiwa kitu ni kipya.

Simu ndizo zilizomaliza. Video za 3GP tulizorushiana kwa Bluetooth zilikuwa na nukta 176 kwa 144, nyingi zikiwa na picha 15 kwa sekunde au pungufu. Fanya hesabu: dume linalokimbia mita nane kwa sekunde husogea zaidi ya nusu mita kati ya picha moja na inayofuata. Shangazi yangu alishika simu, akaiweka mbali na macho, akauliza, "Huyu ng'ombe mbona aruka kama panzi?"

Jibu la shangazi lina pande mbili. Uchache wa picha ni upande mmoja tu, kwa sababu sinema zimeishi na picha 24 tangu sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, na hakuna anayesema mashujaa wake wanaruka. Projekta ya mkanda wa filamu huimulika kila picha mara mbili au tatu ili kioo kisipepese. Na kamera ya sinema, kwa desturi, huacha shata, yaani mlango wa mwanga, wazi karibu nusu ya muda wa kila picha, mkono unaopita ukaacha ukungu mwembamba, na ukungu huo jicho huuhesabu kuwa ni mwendo. Simu chini ya jua la saa saba la Pemba haina huruma hiyo. Mwanga ni mwingi, basi hufungua kwa muda mfupi mno, kila picha ikatoka kali kama imechongwa, bila chochote cha kuiunga na mwenzake. Simu ile ile, picha zile zile 15, ukirekodi karibu na magharibi huonekana laini zaidi. Wapiga picha wenye kamera za maana huivika lenzi kioo cheusi mchana ili shata ibaki sehemu 1 kwa 50 ya sekunde. Ni kama miwani ya jua, na hutibu zaidi ya programu nyingi.

Simu zilipoendelea zikaja na picha 30, nazo zikaleta balaa lao kwenye harusi za usiku. Taa nyingi za umeme wa hezi 50 humeta mara 100 kwa sekunde. 30 haigawanyi 100 sawasawa, na mistari ya giza ikawa inapanda juu ya uso wa bibi harusi. Ukipanga picha 25 na shata 1 kwa 50, inatoweka.

Halafu jamaa yangu aliyeko Muscat akanitumia klipu ya 3GP: baba yake, sasa marehemu, akicheza ng'ombe Kengeja. Alitaka mzee aende vizuri.

Njia nyepesi ni kuchanganya picha mbili zinazofuatana na kupata ya katikati. Ikatoka ng'ombe mwenye vichwa viwili, vyote vya mzuka. Njia nzito zaidi, iliyomo hata ndani ya programu ya FFmpeg inayopatikana bure, huikata picha vipande vidogo, hutafuta kila kipande kimehamia wapi, kisha huchora pale ambapo kingekuwa katikati ya safari. Minazi na watazamaji vilipita vizuri, hata mtikisiko wa mkono wa mpigaji ukatulia. Miguu ya ng'ombe ndiyo iliyoishinda. Mguu mmoja ukipita mbele ya mwingine, mashine haijui upi ni upi, ikaiyeyusha yote kama mishumaa. Vumbi halina umbo la kufuatwa. Na kamba, kitu chembamba kinachokwenda mbio, ilitoweka kwenye picha za katikati. Kwa kitambo dume likawa halijafungwa.

Kutoka 15 hadi 60, picha tatu katika kila nne ni za kubuni. Sikufika huko. Niliishia 30, na pale dume linapomfikia mzee nikairudisha ile ya asili ikidunda hivyo hivyo, kwa sababu pale alichepuka kwa namna yake, na mashine haikumjua.

Akapiga simu. "Kaka, kamba imepotea tena." Nikafungua faili langu, kamba ipo. Ilikuwa televisheni yake: ina mpangilio wa kulainisha mwendo, na ilikuwa ikibuni picha juu ya zile nilizobuni mimi. Tom Cruise alitoa video Desemba 2018 akiwasihi watu wauzime kwa ajili ya filamu, na mwaka uliofuata ukatangazwa mpangilio uitwao Filmmaker Mode unaouzima. Nilimwelekeza kwenye menyu. Wanawe wakagoma, maana mpira wanaupenda ukiteleza. Sasa wao wanauwasha mechi ikianza, na yeye anauzima akitaka kumwona baba yake.